Uso wa Magdalena kwenye Kaseti

Mimi na watu sina subira, ila na mashine nina subira ya ajabu. Sebule yangu hapa Kilakala imejaa kompyuta za zamani, zile za kuchomeka kwenye televisheni na kulishwa programu kwa kaseti, na majirani wanaiita stoo ya vyuma chakavu. Waseme watakavyo. Prisca, mkulima wa mboga kutoka milimani juu ya Mlali, aliponiletea kaseti aliyoifunga kwenye khanga, nilimvuta ndani hata kabla hajamaliza shikamoo yake.

"Dada Hafidha, humu kuna picha ya mama," alisema.

Mama yake, Magdalena, alifariki siku ile ile aliyomzaa, na hakuwahi kupigwa picha hata moja. Baba yake, Fransisko, alikuwa fundi wa misheni. Padri mmoja alileta kompyuta, naye Fransisko akaichezea mpaka akaweza kuchora uso wa mkewe kwa vinukta na kuuhifadhi kwenye kaseti. Fransisko mwenyewe alizikwa mwaka jana.

"Watu wote wananiambia nimefanana na baba," Prisca alisema. "Nataka tu kujua kama kuna chochote nilichochukua kwa mama."

Hapo niliacha utani.

Kompyuta ya misheni, nyeusi, yenye vitufe vya mpira, ilishaliwa na kutu zamani. Yangu inayowaka ni ya kahawia, ya kampuni nyingine, na mashine hizi hazielewani. Kaseti ni zile zile, lakini kila mashine huandika programu kwenye mkanda kwa mluzi wake, na mluzi wa hii kwa ile ni kelele tupu. Nilijua hivyo, ila nikajaribu kwa ubishi tu. Ikagoma. Nikahamia kwenye laptopu, ambayo ina programu ya kuigiza ile nyeusi. Ikaanza vizuri, tukaona utosi wa mtu, halafu kioo kikajaa vurugu. Unyevu wa milimani ulikuwa umeotesha ukungu kwenye mkanda, na mluzi ule hausamehe: ukikatika kidogo tu, vyote vinavyofuata vinaharibika.

"Ndiyo basi tena," Prisca alisema, akaanza kukunja khanga.

"Kaa chini!" nilimkemea, ingawa sikuwa na mpango wowote. "Upande wa pili kuna nini?"

"Sijui. Baba alinikataza kuiweka kwenye redio, alisema redio itameza mkanda. Sijawahi kuisikiliza."

Miaka yote hiyo! Nilitaka kucheka na kugomba kwa pamoja. Nikaigeuza kaseti na kubonyeza.

Hapakuwa na mluzi. Palikuwa na mkwaruzo, kisha sauti ya mwanamke kijana, yenye lafudhi nzito ya Kiluguru.

"Shemeji Andrea, hujambo? Fransisko anasema mashine yako ya huko mjini haisikii lugha ya hii yetu. Basi nakusomea uso wangu kama ninavyofuma kitambaa, wewe jaza tu. Mstari wa kwanza: wazi kumi, jaza nne, wazi kumi. Usicheke, hizo ni nywele."

Prisca alinishika mkono, akaubana mpaka ukauma. Sikumwambia aniachie. Bila shaka kaseti haikuwahi kumfikia huyo Andrea. Magdalena alitangulia, na Fransisko hakuwa na moyo wa kuisikiliza tena.

Aliyewahi kufuma vitambaa vya makochi atanielewa. Ua au ndege hutokea kwa vyumba vidogo: hiki unakiacha wazi, hiki unakijaza. Nikaiwasha ile ya kahawia. Magdalena akawa anasoma, Prisca anarudia, mimi nabonyeza. Ukungu ulikuwepo upande huu pia, lakini neno likimezwa nusu tulilijua, na likimezwa lote tulihesabu vyumba vilivyobaki kwenye mstari. Likaja paji la uso. Zikaja nyusi, macho, kisha pua pana, iliyobonyea kidogo juu.

Prisca akaishika pua yake. Akacheka huku machozi yanamtoka.

Kisha mkanda ukanguruma tu. Mstari baada ya mstari haukusikika, na sauti iliporudi ilikuwa imeshafika kidevuni. Kwenye televisheni yangu akatutazama mwanamke asiye na mdomo.

Niliona uchungu, kama vile kosa lilikuwa langu. "Usijali," nilimwambia. "Nitazame nikukopi wewe. Pua ni yako, hata mdomo hautakuwa mbali." Vidole vyangu vilikuwa tayari kwenye vitufe.

Prisca alitikisa kichwa.

"Uache hivyo hivyo, dada. Mdomo wake tumeshausikia."

Nikatoa vidole kwenye vitufe, nikarudisha mkanda mpaka mwanzo, pale anapomsalimia shemeji yake.