Silinda ya Nne

Delmo Zauli alikuwa mtu wa kumshuku hata anayemsalimu. Ukimwambia habari za asubuhi, anajiuliza unataka nini mapema yote hiyo. Kwa hiyo Jumapili ile, mpwa wake Loris alipovuka mstari wa mwisho mbele ya pikipiki thelathini na moja, na mji mzima wa Rocca Savella ukalipuka kwa vifijo, Delmo hakuwa na habari na waliokuwa wakishangilia. Macho yake yalikuwa kwa walionyamaza.

Aliyenyamaza kuliko wote alikuwa Gualtiero Mengozzi, bingwa wa miaka mitatu mfululizo kwa pikipiki yake ya silinda mbili. Alisimama kando ya marobota ya majani yaliyopangwa kwenye kona, kofia ngumu kwapani, akiitazama pikipiki ya Delmo jinsi mtu mwenye njaa anavyotazama sahani ya jirani.

"Yule anatafuta kitu," Delmo akajisemea.

Na cha kutafutwa kilikuwapo. Katika mashindano ya injini zenye ujazo usiozidi cc 350, mkoa mzima wa Romagna ulikuja na silinda mbili, wachache wakaja na nne. Delmo peke yake ndiye aliyekuja na sita. Injini ile aliitengeneza kwa mikono yake kwa miaka mitatu, katika banda lililokuwa la nguruwe nyuma ya nyumba ya dada yake. Kwenye baa ya Iside walimcheka mpaka wakachoka.

"Sita! Delmo, unaunda pikipiki au kinanda cha kanisa?"

"Silinda sita ni matatizo sita, mzee. Mimi hata mbili zinanilaza na njaa."

"Mpeni mtu mmoja gunia la ngano alipandishe mlima mbio," Delmo aliwajibu. "Halafu chukueni watu sita, kila mmoja mpeni kikapu kidogo. Nani watafika na pumzi?"

"Hao sita watagombana njiani!"

"Wangu hawagombani."

Na kweli hawakugombana. Pistoni zake zilikuwa ndogo kama vikombe vya kahawa, na kitu kidogo ni chepesi kukipandisha na kukishusha. Zilikwenda mara elfu kumi na sita kwa dakika bila kulalamika, na moja ikisukuma nyingine inapumua, hivyo injini haikutikisika. Waendeshaji wengine waliteremka kwenye silinda mbili vidole vimekufa ganzi, wakashindwa hata kufungua vifungo vya koti. Loris aliteremka akamenya chungwa.

Lakini banda lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa Delmo kando ya msalaba wa marehemu mkewe. Injini ikiwa wazi, haingii mtu. Hata Loris, ambaye ndiye aliyeweka shingo yake rehani juu ya chombo kile, aliletewa pikipiki uani ikiwa imefungwa tayari, kama bwana harusi wa zamani anayeletewa bibi harusi kafunikwa. Mara tatu aliomba aingie, na mara tatu mjomba wake alimwambia subiri. Moyoni Delmo alikuwa na hesabu yake: kijana ana miaka ishirini na minne, ana njaa ya ushindi, na timu kubwa zinanunua siri kwa bei nzuri. Leo ni mpwa, kesho je?

Mwezi wa Februari, katika majaribio kwenye barabara ya mashamba, pistoni ya nne ilikwama ghafla. Gurudumu la nyuma lilifunga breki lenyewe, na Loris akaokolewa na shamba la mizabibu. Delmo aliichukua injini, akajifungia siku nne. Ukuta wa silinda ulikuwa umekwaruzwa vibaya, na pistoni za milimita arobaini na moja zilikuwa zimemwishia. Akapata moja iliyotoka kwenye pikipiki ndogo ya mfanyabiashara wa maziwa, kubwa kidogo, robo milimita tu. Akaitanua silinda ya nne ili iipokee. Akapiga hesabu mara mbili: jumla ya zote sita bado ilikuwa chini ya 350. Kosa halikuwapo. Loris alipouliza kilichoharibika, alijibiwa, "Plagi tu. Imekwisha."

Sasa, dakika ishirini baada ya ushindi, alikuja Oreste Casadio, mkaguzi wa chama cha pikipiki, mzee mwenye miwani mikubwa na kisanduku cha vipimo. Kombe lilikuwa limeshawekwa mezani karibu na chupa za mvinyo.

"Delmo, Gualtiero ameweka pingamizi. Anasema injini yako imezidi."

"Nilijua! Anataka kuchungulia ndani tu, huyo."

"Huenda. Lakini kanuni ni kanuni, na dhamana ameshaweka. Ukikataa kufungua, ushindi unafutwa na jina lako ubaoni linaandikwa mwizi. Ukifungua na uko safi, kombe ni lako na dhamana yake ni yako."

Delmo alikuwa amelitarajia hilo, na kidogo akatulia. Alijua ukaguzi unavyokwenda: Casadio hupima silinda moja ya pembeni, ile iliyo rahisi kufikiwa, kisha anazidisha kwa idadi ya silinda. Ya kwanza na ya sita zilikuwa hazina neno.

Casadio akaisogeza karatasi karibu na miwani. "Ameomba ipimwe ya nne."

Ya nne ikipimwa peke yake na kuzidishwa kwa sita, hesabu ingefika mia tatu hamsini na mbili na ushei. Angeitwa mwizi mbele ya mji mzima kwa injini ambayo haikuvunja sheria yoyote. Na aliyeandika nne hakubahatisha, Delmo aliamini hivyo kama anavyoamini jua. Katika silinda sita, mtu anachaguaje ile moja?

Kikulacho ki nguoni mwako. Akainua macho, akamtafuta Loris.

Kijana alikuwa kwenye kibanda cha mikate ya piadina, mkate umejaa jibini mkononi, anacheka. Na sasa kila kitu kikajipanga kichwani mwa Delmo. Asubuhi alimwona Gualtiero kamwekea Loris mkono begani, wanazungumza kwa sauti ya chini karibu na pikipiki. Halafu zile glovu. Loris alikuwa na glovu mpya za ngozi, na Delmo hakuwa amemnunulia glovu. Nani anamnunulia glovu mtu ambaye si mwanawe?

Akamwendea kwa hatua ndefu.

"Umeniuza kwa glovu, Loris?"

"Nini, mjomba?"

"Nimekulisha, nimekupa chombo ambacho hakuna kijana Italia nzima anacho, wewe unakwenda kumnong'oneza Gualtiero! Nani mwingine angejua kwamba ya nne nimeitanua? Sema! Nani?"

Casadio, aliyekuwa akimfuata nyuma, akasimama na kalamu hewani.

Loris aliuweka mkate chini taratibu. "Umeitanua ya nne?"

Delmo alizitazama zile glovu.

"Lini?"

"Februari."

"Uliniambia ni plagi."

Uso ule haukuwa wa mtu aliyekuwa akijua. Delmo aliliona hilo palepale, na lilimchoma. Lakini watu walikuwa wengi na ulimi ulikuwa umeshatangulia, akashindwa kuurudisha. Alimgeukia Casadio.

"Zipimwe zote sita," alisema. "Si moja. Zote."

"Ukitaka zote, kila mtu ataona kila kitu."

"Nimesema zote."

"Mficha uchi hazai, Delmo," mzee akasema kwa upole. "Fungua."

Kazi ilichukua karibu saa mbili, katika uwanja wa shule, msaidizi wa Casadio akishika spana. Watu walibanana mabegani. Kichwa cha injini kilipoinuliwa, zile vali alizozipiga tupa usiku na mchana, zile njia za hewa alizozisugua kwa kidole mpaka zikawa laini kama kauri, zote zikawa mali ya macho ya kila mtu. Mafundi wa silinda mbili walichuchumaa wakachungulia bila aibu. Mmoja alitoa daftari. Delmo alitazama huku akiumia kama anavuliwa nguo.

Casadio alipima, akaandika, akapima tena. Tano zilikuwa milimita arobaini na moja. Ya nne ilikuwa arobaini na moja na robo. Minong'ono ikaanza. Mzee akafungua kitabu cha kanuni, akasoma kwa muda mrefu, akakifunga.

"Kitabu kinasema jumla," alitangaza. "Kuzidisha ni uvivu wetu sisi wakaguzi. Jumla ni mia tatu arobaini na tisa na robo. Injini ni halali. Kombe ni la Zauli."

Walipiga makofi. Gualtiero alikuja na mkono mbele, na Delmo akauacha ukining'inia.

"Nani alikwambia ya nne?"

"Bomba lako," Gualtiero alisema.

"Usinichezee."

"Njoo uone basi, mtu wa Mungu." Akamshika mkono, akamwinamisha mbele ya pikipiki, pale mabomba sita ya moshi yaliposhuka sambamba. Matano yalikuwa yamegeuka rangi ya kahawia, kama kawaida ya chuma kilichopata moto. La nne lilikuwa buluu tangu juu hadi kwenye kona. "Silinda inayowaka moto kuliko wenzake imeguswa. Kila mwenye macho ameliona tangu asubuhi. Nilimwonyesha hata mpwa wako. Nilimwambia, kijana, mjomba wako kafanya kitu hapa, muulize kabla hujapanda."

"Akasemaje?"

"Akasema mjomba wake hakosei. Akavaa kofia, akapanda."

Delmo alibaki ameinama. Ilimchukua muda kunyanyuka, na aliponyanyuka aliona haya kuliko alivyowahi kuona maishani mwake.

Loris alikuwa ameshavua suti yake ya ngozi, ameikunja vizuri juu ya robota la majani. Mama yake, dadaye Delmo, alisimama kando na mkoba mkononi.

"Glovu amenunua mama," Loris alisema. "Nimefikisha miaka ishirini na mitano juzi, umesahau."

"Loris, injini ilikuwa salama. Nilihesabu mara mbili."

"Pale darajani nilikuwa kilomita mia mbili na ishirini kwa saa, mjomba. Pistoni ya kuokoteza ikikwama pale, anayeokotwa ni mimi."

"Ningekwambia, ungekataa kupanda."

"Ningepanda. Hilo ndilo linaloniuma. Ungeniambia, na bado ningepanda."

Akamshika mama yake mkono. Waliondoka kwa miguu, wakipita katikati ya watu waliotaka kumpongeza. Delmo alimwita jina mara moja. Dadaye aligeuka, Loris hakugeuka.

Uwanja ukaanza kubaki mtupu. Kombe lilikaa juu ya meza, na injini ilikaa wazi chini ya jua la alasiri, vumbi likiiingia. Kichwa cha silinda sita ni kirefu. Bandani Delmo alikishusha kwa minyororo miwili iliyotundikwa darini, lakini hapa uwanjani hakirudishwi na mtu mmoja: mmoja anashusha upande huu, mwingine upande ule, kwa pamoja, la sivyo kinapinda. Delmo alijaribu peke yake, akakiinua, akakishusha. Akatazama huku na huku. Wale waliokuwa wakisukumana kuchungulia walikuwa wamekwenda kunywa.

Gualtiero peke yake alikuwa bado amesimama. Akakunja mikono ya shati.

"Nikushikie?"

Delmo aliitazama ile mikono, kwanza viganja, kisha vidole, kisha mifuko ya suruali.

"Shika upande ule," alisema. "Na usiguse kitu kingine."