Chakula Kilichotangulia Majibu

Ardis Kvamme alitolewa damu Jumatatu, na tangu siku hiyo simu yake ya mkononi ilikuwa kwenye droo ya jikoni, chini ya taulo zote za vyombo, asije akaisikia. Majibu ya siku hizi hayamsubiri daktari. Yakitoka maabara yanakuja moja kwa moja kwenye simu ya mgonjwa, na simu inalia mlio ule ule inaolia mjukuu akikutumia picha ya paka. Unaweza ukawa unamenya viazi vyako, ukaambiwa unakufa. Kwa hiyo Ardis alikubaliana na daktari wake kwamba atapigiwa Ijumaa, kwenye simu ya ukutani, na mpaka hapo hataki kujua lolote.

Leo ilikuwa Alhamisi. Kulipokucha alijishika tumbo kabla hata hajafungua macho, kama anavyofanya kila asubuhi. Ugonjwa ulianzia hapo, tumbo kujaa na sketi kubana, naye akadhani ni uzee na keki. Walipompasua walitoa ovari zote mbili, kizazi, na mafuta yaliyofunika utumbo, kisha wakamtundikia dripu za kemo mara sita. Miaka miwili imepita. Kila baada ya miezi mitatu anapimwa damu, inatoka namba ambayo hupanda ugonjwa ukirudi. Chini ya thelathini na tano ni salama, wanasema. Vipimo vinane mfululizo namba yake ilikuwa kati ya tisa na kumi na mbili, na mara zote nane Ardis alikaa wiki nzima halali vizuri, hali vizuri, huku akiwaambia watu yuko sawa tu. Saratani ya ovari ina tabia ya kurudi. Daktari alimwambia hivyo mara moja tu, kwa upole, na Ardis hakuhitaji kuambiwa mara ya pili.

Saa nne asubuhi Bev Nystuen aligonga mlango wa nyuma, akiwa amebeba hotdishi.

Sasa, katika mji wa Nordvik hakuna mtu anayepeleka hotdishi bure. Ni nyama ya kusaga, maharage mabichi, supu ya uyoga ya kopo na viazi juu, inaokwa mpaka igeuke rangi, na mtoto wa miaka kumi anaweza kuipika. Lakini inapelekwa kwa sababu. Amezaliwa mtoto, inapelekwa. Mtu amekufa, inapelekwa. Umevunjika mguu, wanaangalia kwanza ni mguu gani na ulikuwa unafanya nini. Watu wa magharibi ya Minnesota hawajui kumwambia mtu pole usoni, wanaona haya, basi wanapika. Ardis mwenyewe alikuwa kinara wa jiko la kanisani kwa zaidi ya miaka thelathini. Alijua nani anapelekewa nini na kwa nini.

"Nilikuwa napita tu," alisema Bev.

"Unapita kwenda wapi, shoga? Nyumba yangu ndiyo ya mwisho. Baada ya hapa ni mahindi matupu."

Bev hakucheka. Aliiweka hotdishi mezani, na hapo Ardis akaona jambo lililomkata maini. Ilikuwa kwenye treya ya karatasi ya bati, ya kutupa. Bev ana treya zake za kioo, nne, na chini ya kila moja amebandika utepe wenye jina lake, na asiporudishiwa ndani ya wiki anakupigia simu. Treya ya kutupa ni ya nyumba yenye msiba. Ni ya watu ambao huwezi kuwasumbua na vyombo.

"Usihangaike kurudisha," Bev akasema. Kisha akamkumbatia.

Bev hakuwa mtu wa kukumbatia. Alimzika mama yake mzazi kwa kupeana mikono na waombolezaji mmoja mmoja mlangoni. Na sasa alikuwa amemng'ang'ania Ardis jikoni kwake, anavuta makamasi.

"Bev, kuna nini?"

"Hakuna kitu, mwenzangu. Hakuna kitu. Wewe pumzika."

Akaondoka nusura akimbie, hata kahawa hakuitaka. Ardis alijiambia Bev ana mambo yake. Pengine amegombana na mumewe, Duane. Aliirudia hoja hiyo mara tatu nne, na kila akiirudia ilizidi kuwa nyembamba.

Haikupita nusu saa akaja Joyce Aune na biskuti za mraba za chokoleti, nazo kwenye bati la kutupa. Joyce ni mropokaji wa kuzaliwa, habari zote za mji zinapita mdomoni kwake. Leo alisimama kizingitini, macho kwenye viatu.

"Mumeo Loren mwangalie sana," alisema. "Masikini. Wanaume hawawezi mambo haya."

"Mambo gani, Joyce?"

"Aa, mimi sisemi kitu. Kula biskuti."

Joyce kusema hasemi kitu! Ardis alifunga mlango. Alipoufungua tena ili amwite, Joyce alikuwa keshawasha gari, na pembeni ya kapeti la mlangoni kulikuwa na furushi ambalo hata hakusikia likiwekwa. Paja zima la nguruwe lililookwa, na kadi ndogo: Tunawaombea. Mnyororo wa Maombi. Huo ni mnyororo wa simu wa akina mama wa kanisa. Mmoja anampigia wa pili, wa pili wa tatu, na kabla kahawa haijapoa Nordvik nzima inajua.

Na paja zima la nguruwe ni la mazishi. Hakuna kingine. Ardis alikata mapaja ya aina hiyo vipande vyembamba kwa miaka thelathini, akayapanga kwenye mikate laini kwa ajili ya wafiwa.

Alikaa kwenye kiti cha jikoni, akaelewa. Loren anajua. Wakati wa kemo, alipokuwa anatapika mpaka haoni maandishi, waliunganisha ukurasa wake wa hospitali na simu ya mumewe pia. Namba imetoka. Loren ameiona, akaenda kwa mchungaji, mchungaji akaingiza kwenye mnyororo, na sasa mji mzima unajua kwamba imerudi isipokuwa mwenye tumbo.

Kuna watu husema hawaogopi kufa, wanaogopa maumivu tu. Wawe na heri yao. Ardis aliogopa kufa. Aliogopa mpaka meno yakawa yanagongana, mwanamke wa miaka sitini na sita, amekaa mchana kweupe mbele ya nguruwe. Aliona dripu tena, nywele kwenye mto, vidole vya miguu ambavyo mpaka leo havina hisia. Alifikiria koti lake jipya la baridi, ambalo bado lina karatasi ya bei ya dukani, akajiuliza kama lirudishwe. Akajishika tumbo. Sasa alikihisi kitu, upande wa kushoto, kigumu. Asubuhi hakikuwepo. Akabonyeza, kikahama. Ilikuwa gesi, au ilikuwa yenyewe, angejuaje?

Loren aliingia saa sita na nusu kula chakula cha mchana. Alikuwa ameshastaafu ukulima, lakini msimu wa mavuno humwendeshea mpwa wake lori la mahindi mpaka ghala la ushirika. Alivua buti, akanawa mikono, akageuka, akaona meza.

"Nani kafa?" akauliza.

"Niambie wewe," alisema Ardis.

Loren alitazama nguruwe, akatazama hotdishi, akamtazama mkewe. Ni mtu wa maneno machache sana. Siku aliyomposa alizungumzia kwanza bei ya trekta. "Sielewi," alisema.

"Loren, usinifanye mtoto. Umeangalia."

"Nimeangalia nini?"

"Namba! Umeiangalia kwenye simu yako, ukaenda ukamwambia kila mtu mimi nimebaki gizani. Ngapi? Nitajie tu. Ni mia? Ni mia tano?"

"Sijaangalia, Ardis. Naapa. Ulisema tungoje Ijumaa, nami nangoja Ijumaa."

"Basi kwa nini nusu ya kanisa iko mezani kwangu?"

Loren akaanza kuiva kwa haya, kuanzia shingoni kwenda juu, mpaka masikio. Alivuta kiti lakini hakukaa. Alilishika egemeo lake kwa mikono miwili.

"Duane aliniona," alisema.

Duane ni mume wa Bev, ndiye anayesimamia mzani wa malori pale ghalani.

"Alikuona unafanya nini?"

"Jana. Nilikuwa kwenye foleni. Nikapanda mzani, akapima, akaniashiria niende. Sikwenda. Nyuma wananipigia honi. Akatoka kibandani kuja kuangalia kama lori limeharibika." Alikibana zaidi kiti. "Akafungua mlango."

"Halafu?"

"Nilikuwa nalia."

Miaka arobaini na moja ya ndoa, Ardis hakuwahi kuliona chozi la mtu huyu. Si kwa mama yake, si siku ng'ombe walipouzwa wote mnadani.

"Nikamwambia ni vumbi la mahindi," alisema Loren.

"Akaamini?"

Loren akalitazama paja la nguruwe. "Inaonekana hakuamini."

Ardis alicheka. Kicheko kilimtoka kwa nguvu, kibaya, kama mtu aliyepaliwa. Mwanaume wa Nordvik akilia hadharani, watu hawana haja ya kuuliza; lazima mkewe anakufa. Duane amempelekea Bev habari, Bev amenyanyua simu, na akina mama wamewasha majiko. Hakuna aliyejua chochote. Hakuna daktari aliyesema neno. Watu wazima na akili zao wamemzika kwa sababu ya machozi ya mzee mmoja kwenye mzani!

Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu aliona kilichobaki. Kama chakula hakijui, basi jibu bado liko kule kwenye droo. Amekufa asubuhi nzima, na inabidi aanze upya.

"Siwezi kungoja kesho," alisema. "Leo nimeshakufa mara moja, inatosha."

"Tutumie yangu, iko ndani ya lori."

"Hapana. Ni damu yangu."

Alizifukua taulo. Simu ilikuwa imeisha chaji, imekufa kabisa. Akaichomeka ukutani karibu na kibaniko cha mkate, wakasimama wawili wanakitazama kioo cheusi. Nje lori lingine lilipita barabarani kuelekea ghalani.

"Ilikuwa jana tu?" Ardis akauliza.

"Nini?"

"Kulia."

"Kila mara unapopimwa," alisema. "Kawaida naegesha kwanza nyuma ya yale mapipa marefu ya kuhifadhia nafaka. Jana machozi yaliniwahi."

"Mara zote nane?"

"Tisa, na hii."

"Na mimi najikaza humu ndani nisikutie wasiwasi! Naimba nikiosha vyombo, Loren! Unafikiri nilikuwa napenda kuimba?"

"Nilijua," alisema. "Ukiwa mzima huimbi."

Simu ikawaka. Ikalia mara moja, mara mbili, picha za paka, kisha ule ujumbe. Umetumwa Jumanne. Siku mbili umelala chini ya taulo. Ardis alivaa miwani, Loren akamshikia kiganja kwa chini ili simu itulie. Akabonyeza.

Ishirini na moja.

Namba yenyewe ilikuwa ya kijani. Pembeni wameandika: kawaida, chini ya thelathini na tano. Loren akatoa pumzi ndefu, mabega yakashuka.

"Kijani," alisema. "Kijani ni nzuri. Ardis? Si nzuri?"

Angeweza kumwambia ndiyo. Ilikuwa kweli, na kijani kiliandikwa pale kila mtu akione. Loren angekula, angerudi kwenye mahindi yake na moyo mweupe, na akina Bev wangeombwa radhi na kurudishiwa nguruwe. Lakini chini ya namba kulikuwa na maneno mawili matatu ya daktari, na Ardis alikuwa ameshayasoma.

"Mara iliyopita ilikuwa kumi na moja," alisema. "Ile ya kabla yake, kumi. Daktari mwenyewe alituambia hatazami namba, anatazama inakoelekea." Akamsogezea simu. "Soma hapo."

Loren alisoma polepole, midomo ikicheza. Kipimo kirudiwe baada ya wiki nne. Nitapiga simu Ijumaa tuzungumze. Huenda si kitu.

"Huenda," alisema.

"Huenda."

"Wiki nne."

"Ndiyo."

Aliiweka simu mezani taratibu. Kisha akachukua kofia yake kwenye msumari, akaanza kutafuta buti kwa mguu bila kuinama, uso ameugeuzia mlango.

"Unakwenda wapi? Hujala."

"Malori yananingoja."

"Unakwenda kulia."

Shingo ya Loren ilikuwa imeiva tena. Ardis alimtazama mgongo ule mpana, akawaza jinsi atakavyokaa ndani ya lori nyuma ya mapipa, na yeye atakavyosimama hapa kwenye sinki akiimba, wiki nne, kila mmoja na hofu yake kama wezi wawili wasiojuana. Aliogopa vile vile alivyoogopa asubuhi. Hakuna kilichopungua hata chembe.

"Yangoje," alisema. "Rudi ukae hapa."

Loren akarudi, akakaa, kofia mkononi. Alikuwa akitazama meza, amekaza taya, anajitahidi kwa nguvu zake zote asilie.

Ardis ndiye aliyeanza.