Pole Si Samahani

Wahenga walisema hasira hasara, lakini wahenga hao, kwa heshima zote, hawakuwahi kuwa na leseni. Hivyo ndivyo alivyoamini Kifungu, dereva mstaafu wa lori, ambaye majirani walimbandika jina hilo kwa sababu kila akibishana hutaja kifungu cha sheria za barabarani, na asipobishana hutafuta wa kubishana naye. Kwake dunia ilikuwa na watu wa aina mbili tu: wenye haki ya kupita, yaani yeye, na wanaomchelewesha. Waendesha pikipiki hawakuwamo hata humo. Hao, alisema, ni inzi waliofungwa injini.

Asubuhi hiyo alikuwa anampeleka mkewe hospitali akatolewe mtoto wa jicho. Jicho la kulia la mama huyo lilishazimika zamani. La kushoto ndilo lililobaki, nalo lilikuwa linaona ukungu mtupu. Daktari bingwa alikuja mara moja kila baada ya miezi mitatu, na karatasi ilisema bila kumung'unya maneno: saa tatu kamili, ukichelewa jina lako linarudi mwisho wa orodha. Mama aliishika karatasi hiyo mapajani kwa mikono miwili.

Saa mbili na robo walifika mahali barabara ilipochimbwa, ikabaki njia moja ya kupishana kwa zamu. Kibarua mmoja alisimama na bendera nyekundu, ameinyoosha mbele ya gari. Kifungu alimpita. Hakuwa mtu wa kuamrishwa na kitambaa.

Katikati ya njia wakakutana na pikipiki. Mwenye pikipiki alijibana kwenye ukingo wa njia, akajipenyeza, na mpini ukagusa kioo cha pembeni cha gari, kikajikunja. Hakikuvunjika. Hakikupata hata mkwaruzo. Yule bwana, mtu mzima mwenye mvi zake, alisimama, akavua kofia ngumu, akakikunjua kwa adabu.

"Pole sana, mzee mwenzangu."

Kifungu akazima injini. Kwake, kuzima injini katikati ya barabara ni kama mwingine anavyokohoa kabla ya hotuba.

"Pole?" akashuka. "Pole ya nini? Nimefiwa?"

"Kioo chako, bwana. Nimekupa pole."

"Pole anapewa mgonjwa. Pole hata mpita njia anampa mtu aliyejikwaa. Wewe umekosa. Sema samahani!"

"Samahani inatoka kwa mwenye kosa," akasema yule bwana taratibu. "Mimi nimepewa zamu. Wewe umepewa bendera nyekundu, ukaipita."

"Bendera haimo kwenye kifungu chochote!"

"Basi na samahani haimo."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kifungu aliegemea boneti na kuanza somo: haki za dereva, wajibu wa wenye magurudumu mawili, heshima iliyopotea tangu leseni zilipoanza kutolewa kama njugu. Magari yaliyomfuata kwa kudhani njia iko wazi yakajipanga nyuma yake, na ya upande wa pili yakajaa mbele. Honi zikalia. Kila dereva alikuwa na haki yake na aliitangaza kwa kiganja kizima. Mmoja alimtukana Kifungu mpaka bibi yake, na Kifungu akamshukuru kwa kushiriki mjadala.

"Baba watoto," mkewe akaita kutoka ndani. "Saa inakwenda."

"Subiri kidogo, mama. Hii si habari ya kioo tena. Hii ni habari ya haki."

"Baba watoto, jicho langu."

"Dakika moja tu! Huyu atasema, tena atasema leo."

Saa mbili na dakika arobaini mlango ukafunguliwa. Mama akashuka, akaufuata ubavu wa gari kwa kupapasa mpaka akaigusa pikipiki. Kwa mumewe hakugeuka.

"Baba, chombo chako kinafika hospitali kwa dakika ngapi?"

"Kumi, mama. Nane ukinishika vizuri."

Akavishwa ile kofia ngumu, akapanda. Mwanamke aliyekatazwa miaka thelathini hata kumpungia mkono mtu wa pikipiki, akamshika mwenye pikipiki kiunoni.

"Mzee mwenzangu," yule bwana akasema akiwasha, na hakukuwa na kejeli usoni pake, "hapa sasa samahani. Nakuchukulia abiria."

Wakajipenyeza katikati ya magari, wakatoweka. Kifungu akabaki na neno lake alilolitaka. Alitazama mbele, akatazama nyuma, akatafuta kifungu cha kumtoa pale, asikione. Ilimchukua zaidi ya saa nzima kurudi kinyumenyume, akiongozwa na kibarua yuleyule kwa kitambaa kilekile.

Hospitali, muuguzi alimjibu bila kuinua macho. Mgonjwa alifika saa tatu kasoro dakika tano, yuko ndani.

"Mimi ni mume wake."

"Aliyemleta ndiye aliyesaini. Alikaa mpaka alipoingizwa, ndipo akaondoka. Wewe kaa hapo nje."

Kifungu akakaa. Alikuwa na aibu, na zaidi ya aibu alikuwa na woga, maana alijua kabisa kwamba kama ingekuwa ni juu yake, lile jicho lingezimika huku yeye akifundisha sarufi barabarani. Alikaa pale bila kula mpaka alasiri.

Mama alitolewa akiwa amefungwa bandeji, haoni kitu. Kifungu akainuka akamshika mkono. Mama akaupapasa ule mkono, akautambua.

"Umeshindaje, baba watoto?"

"Nimeshinda hapa," Kifungu akasema. "Kwenye benchi."