Sauti ya Kiume

Kwenye chumba cha kufulia cha hoteli alikofanya kazi, mashine zilinguruma kutwa kucha, kwa hiyo watu walisemezana kwa mikono: kidole juu, leta mashuka; kiganja wazi, simama. Dada Kimya, jina alilopachikwa na wapangaji wenzake, kazi yake ilikuwa kupiga pasi. Jumatatu moja muuza duka alimwuliza anataka sabuni gani. Akafungua kinywa, sauti ikagoma. Akakohoa, akameza mate, wapi! Ndipo alipogundua kwamba tangu Ijumaa hajazungumza na kiumbe. Jamani! Mtu mzima, meno yote kinywani, halafu sauti inaota kutu.

Basi aliposikia redioni kwamba kuna changamoto ya kusoma shairi moja kila siku, kwa sauti, na kwamba atakayeishika sawasawa atakuwa mtu mwingine kabisa, hakungoja kuambiwa mara mbili. Alinunua kitabu cha mtumba, jalada limeng'oka, akaanza. Kila jioni akitoka kazini alioga, akakaa kitandani, akasoma. Mwanzoni alinong'ona kama mwizi. Baadaye koo likafunguka, akawa anaghani mpaka mishipa ya shingo inamsimama.

Mambo yalianza alipofika kwenye shairi la majibizano, mume na mke wanagombana mlangoni. Kuwasoma watu wawili kwa sauti moja aliona hakuna ladha. Akaivuta sauti ya tumboni, nzito, akawa mume:

"Mke wangu fungulia, mvua yaninyeshea."

Akarudi kwenye sauti yake, akamjibu:

"Huko nje jililia, upweke nimezoea."

Likamnogea. Akalisoma tena kesho yake, na keshokutwa, mashairi mengine yakabaki kusubiri zamu. Tusifichane: alimpenda yule mume.

Sasa nyumba ile ilikuwa ya wapangaji wanawake watupu. Mwenye nyumba, Mama Funguo, mwanamke anayesikika kabla hajaonekana kwa ule mlio wa funguo kiunoni, alikuwa na sharti moja tu: mwanamume asikanyage chumbani. Na kuta zenyewe zilikuwa nyembamba, ukipiga chafya chumba cha tatu wanakuitikia.

Asubuhi moja msusi wa chumba cha jirani alimkonyeza bombani. "Shemeji hajambo?"

"Shemeji gani?"

"Aa, usinifanye mtoto! Mtu yuko ndani na bado anaomba afunguliwe. Mwenzetu umempa nini?"

Angeweza kukanusha palepale. Hakukanusha. Alicheka, akabeba ndoo yake, na kazini siku hiyo alitabasamu peke yake mbele ya mashuka. Toka hapo akawa mtu wa kusalimiwa, mtu wa kutaniwa, mtu wa kuulizwa ameamkaje. Raha aliyoipata hamwambii mtu.

Umbea nao hauna breki. Jioni moja Mama Funguo akasimama mlangoni pake, wapangaji wote nyuma yake, shingo zimewarefuka.

"Kuna mtu mwingine humu. Mtoe, au kesho utoke wewe na mizigo yako."

Neno moja tu lingemwokoa: ni mimi, nilikuwa nasoma. Lakini alitazama zile nyuso, akaona aibu. Awaambie kwamba shemeji wanayemwulizia kila asubuhi ni yeye mwenyewe? Bora ahame.

Mama Funguo hakungoja. Akaingia, akarudisha mlango nyuma yake, akachungulia uvunguni, akafungua kabati, akafunua pazia. Hamna mtu. Kitandani kulikuwa na kitabu kimelala wazi. Akakiokota, akasoma, midomo ikimchezacheza.

"Yuko wapi?" akauliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Ametoroka. Kapitia dirishani."

Mama Funguo akalitazama dirisha. Lilikuwa na nondo, tena za kubanana, hata paka angejikunja kwanza. Akamtazama Dada Kimya. Kisha akakifunga kitabu, akakisukumia chini ya mto, akatoka nje na sauti yake yote.

"Kaponyoka, mshenzi mkubwa! Na nikimwona tena hapa namvunja miguu. Haya, tawanyikeni, sinema imekwisha!"

Wakatawanyika, isipokuwa msusi. Aliingia, akakaa naye kitandani, akamshika bega.

"Pole mwenzangu. Ndivyo walivyo, likizuka jambo wanakuachia wewe. Atarudi?"

"Harudi," alisema Dada Kimya, maana alijua kuanzia leo sauti ile haiwezi tena kutoka chumbani humo.

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Dada Kimya akafikiri.

"Alikuwa anaongea na mimi," akasema, na machozi yakamtoka, ya kweli kabisa.