Mkanda Uliopatikana kwa Simu

Simu iliita Gogo akiwa amepiga magoti, anachomelea geti la duka. Jina hilo alibandikwa kwa sababu ya mwili wake: hakuna aliyewahi kupanda naye ulingoni akamsukuma nyuma. Aliyepiga alikuwa promota wa ngumi. Alimpa hongera, kwamba kuanzia siku ile yeye ndiye bingwa wa uzito wa juu.

Gogo alidhani anataniwa. Promota akamweleza kuwa bingwa aliyekuwapo ameutema mkanda. Amepata pambano nono na mkongwe mmoja aliyekwisha kustaafu mara mbili, na ameona heri avuliwe ubingwa kuliko kukutana na Gogo. Kwa hiyo chama kimeamua mkanda uende kwa aliye wa kwanza kwenye foleni. Atavishwa mbele ya kamera, basi, imekwisha.

Miaka miwili walikuwa wamemzungusha. Mara bega la bingwa limeteguka, mara mkataba haujakaa sawa, mara ukumbi umekosekana. Gogo alizima mashine.

"Huo mkanda siutaki," alisema. "Nipe mtu nipigane naye."

Promota alicheka, kisha akaja juu. Siku hizi kila chama kina bingwa wake, alisema, na hakuna anayeuliza mkanda umepatikanaje. Gogo akamtajia Mashoto, bondia wa mkono wa kushoto ambaye wakubwa wote walikuwa wakimkwepa.

Shangazi yake, aliyemlea na kumfundisha ngumi, alizipokea habari hizo akiwa anamfunga bandeji mikononi. Alimuuliza kama akili zake ni timamu. Kisha akakaza fundo.

"Haya," alisema. "Ila kesho uwahi. Mguu wako wa kushoto bado una uvivu."

Gogo na Mashoto waliugombea mkanda kwenye ukumbi mdogo wenye viti vya plastiki, maana promota aligoma kutoa mkubwa. Watu walijaa mpaka madirishani. Raundi ya tisa Gogo alimwangusha Mashoto. Ya kumi na moja akaangushwa yeye, akainuka damu zikimtoka mdomoni, akaendelea kumfuata mwenzake mpaka kengele ya mwisho. Majaji walimpa Mashoto, kwa pointi moja.

Shangazi alimfuta uso huku machozi yakimlengalenga. Gogo alimshukuru, akavuka ulingo, jicho moja limefumba kabisa.

"Sasa mkanda una mwenyewe," alimwambia Mashoto. "Na mimi nakuja kuuchukua. Usije ukajificha nyuma ya mikataba."

"Sina pa kujificha mimi," Mashoto alijibu, akihema. "Njoo hata kesho."

Promota alimfuata Gogo mpaka chumba cha kubadilishia nguo, akamlaumu weee kwa kuuchezea ubingwa wa bure. Gogo alimwacha amalize.

"Safari hii tafuta ukumbi mkubwa," alimwambia, akainama kulegeza kamba za viatu.