Nazi za Zulekha

Zulekha alifunga kiroba cha nazi kwenye keria kama alivyofunga kila asubuhi kwa miaka kumi na moja, akavuta mpira wa tyubu mpaka ukalia. Nazi thelathini. Bintiye Anifa alisimama pembeni na namba yake kifuani, uso umemvimba.

"Mama, leo ni mashindano. Tutachekwa!"

"Kicheko hakitoboi tairi."

Msidhani hakujaribu kwenda bila nazi. Ijumaa alitoa mzigo, akapanda baiskeli nyepesi, weee! Usukani ukamcheza kama mbuzi aliyekata kamba, akaanguka mbele ya wauza mihogo, goti likachubuka. Mikono iliyozoea uzito haijui wepesi. Ndiyo akasema, basi, nitakwenda na mzigo wangu. Isitoshe, Bi Siti, mama lishe wa Kariakoo, alikuwa anazisubiri nazi zile kwa wali wa mchana.

Mashindano yalikuwa ya mzazi na mwana, wawili wawili. Wanatoka Magomeni, wanashuka Jangwani, wanapanda Faya, wanaingia Kariakoo. Wanarudi Magomeni, kisha wanakwenda Kariakoo tena, na hapo ndipo mwisho. Jozi inahesabiwa anapofika wa pili wao, kwa hiyo mtoto hawezi kumwacha mzazi. Watoto wa jozi tatu za kwanza wataingizwa kwenye klabu, wafundishwe na kupewa baiskeli za mbio. Anifa alikuwa na miaka kumi na minne, na kwa mwaka mzima hakuota kingine.

Khalfani, katibu wa klabu, akaja na daftari lake.

"Mama Anifa, shusha huo mzigo. Hapa si gengeni."

"Kanuni hiyo iko wapi? Nisomee, mimi madarasa yangu machache."

Khalfani akafunua karatasi, akafunua tena. Haikuwamo.

Elisaria, mwenye duka la spea za baiskeli Kariakoo, alikuwa na mwanawe juu ya magurudumu membamba kama sindano. Akacheka. "Mwache, katibu. Mpaka afike, tui litakuwa limeshaivia njiani."

"Ukifika, kaka, nitakubakizia machicha," Zulekha akamjibu. Watu wakaangua kicheko, na safari hii aliyechekwa ni Elisaria.

Filimbi ikalia. Kwenda na kurudi kwa kwanza walikuwa mkiani. Kupanda kule Faya kulimla Zulekha mapaja. Anifa alikuwa mwepesi, akatangulia, akasimama kusubiri, akatangulia tena, machozi yanamtoka. Wanageuka Magomeni kwa safari ya mwisho, wako wa sita.

"Mama, mwaga hizo nazi! Nakuomba!"

"Mwaga wewe machozi, mimi nazi simwagi. Kaa nyuma ya gurudumu langu. Twende!"

Wakashuka Jangwani. Mvua ya juzi ilikuwa imeacha tope jembamba juu ya lami, limekauka juu, chini linateleza, na magurudumu ya safari mbili za kwanza yalikuwa yamelivunja ganda. Zulekha alilijua tope lile kama ajuavyo jiko lake. Hakushika breki. Aliuacha uzito wa nazi uligandamize gurudumu la nyuma, akapita katikati polepole bila kupinda, na Anifa akaufuata mstari wake. Jozi mbili za mbele yao zilikuwa zimeteleza, wamekaa chini wanajifuta. Elisaria naye, mbele yao kidogo, aliingia kwa mbio zake zote. Akashika breki. Baiskeli ikaenda kulia, yeye kushoto, mwanawe akamfuata.

"Pole, kaka!" Zulekha akamwambia akipita. Pole ya kweli, lakini hakusimama.

Kupanda Faya, Zulekha akasimama juu ya pedeli, kanga imelowa jasho. Nyuma akasikia Elisaria amenyanyuka, anakuja, anatukana mnyororo wake. Akaingia shimoni, kiroba kikaruka, kitu kikalia *ka!* Hakutazama. Kariakoo wachukuzi walisimamisha mikokoteni yao. "Mama nazi! Kanyaga, mama nazi!" Anifa alivuka, kisha Zulekha, na gurudumu la Elisaria likafika nyuma yake kwa urefu wa mkono.

Wa tatu.

Khalfani alishika kalamu bila kuandika. "Huu mzigo utaleta maneno kwenye kamati."

"Yaje hayo maneno. Mimi nimeleta mtoto. Andika."

Elisaria, tope mpaka masikioni, akahema. "Mwandike bwana. Amenipita kihalali." Khalfani akaandika, Anifa akiinama juu ya daftari kuhakikisha kila herufi.

Kwa Bi Siti walipokewa kwa makelele. "Saa hizi? Wali wangu nitautia maji?"

"Shikamoo. Tulipitia mbioni."

"Marahaba. Mbio gani za kuchelewa!" Akazitikisa nazi moja moja sikioni. "Hii imepasuka. Siitaki."

Anifa akaipokea, akaipigiza kwenye ukingo wa mtaro ikafunguka, akampa mama yake nusu kubwa. Wakala wamesimama, namba bado vifuani.