Nyumba Iliyomzoea Mzee Mbonea

Usingizi ulimchukua Mzee Mbonea alasiri, akiwa kitini sebuleni na viatu bado viko miguuni, siku aliyokorofishana na Namsifu, mwanawe wa pekee. Ugomvi wenyewe haukuwa wa kelele. Namsifu alikuwa ametoka Mbeya kwa basi kumletea baba yake mjukuu ambaye hakuwahi kumwona. Alisimama getini kwenye jua kali, mtoto mgongoni, akabonyeza kengele hata kidole kikamuuma, na ndani hakukusikika kitu. Jirani ndiye aliyempigia mzee simu. Mzee alipotoka, alimkuta binti yake amekaa chini kwenye vumbi, anampepea mtoto kwa ncha ya khanga.

"Shikamoo, Baba," alisema Namsifu. "Nyumba yako imetufungia nje."

"Marahaba. Mimi sikuiagiza ifanye hivyo."

"Hukuiagiza, Baba. Umeifundisha."

Namsifu alijua anachosema, maana yeye ndiye aliyeweka vifaa vya kuiendesha nyumba wakati mama yake, Eliapenda, alipoanza kuugua. Vilikuwa vidude vidogo vyeupe kwenye pembe za kuta, vyenye kuhisi joto, mwanga, sauti na nyayo za watu, vikipeleka habari kwenye kompyuta ndogo iliyojifunza siku hadi siku wenye nyumba wanapenda nini. Eliapenda akisikia baridi, madirisha yalijifunga. Akiamka, taa zilimtangulia hadi bafuni. Alipofariki, vifaa viliendelea kujifunza kwa aliyebaki. Viliona mzee anafunga mapazia, vikawa vinayafunga vyenyewe. Viliona anazima redio kwaya ikianza, vikawa vinaizima kabla hajanyoosha mkono. Viliona kengele ikilia haendi kufungua, vikainyamazisha. Mzee Mbonea hakulalamika. Moyoni alijiambia kwamba kati ya wote waliokuja msibani wakaondoka, ni nyumba hii peke yake iliyomwelewa.

Basi Namsifu alipomnyooshea mtoto ampakate, mzee alisema kifua kinambana, labda kesho. Binti alimfunga mtoto mgongoni akaenda kwa shangazi yake Nakunda, mtaa wa pili, na mzee akarudi kitini katika ule mwanga hafifu aliouzoea.

Ndotoni alijikuta katika nchi ambayo ardhi yake ilipokea unyayo kama godoro, na hewa yake haikuwa ya joto wala ya baridi. Akigeuka, upepo uligeuka pamoja naye. Akichoka, njia ilijilaza ikawa tambarare. Nyuma yake kidogo, kwa adabu ya mtumishi, alifuata mtu mwembamba mwenye macho usoni, shingoni na hata viganjani, na macho yale yote hayakufumba.

"Karibu, mzee," alisema mtu yule. "Naitwa Utambuzi. Moyo wako leo unadunda zaidi kuliko jana, nami nimekwisha kumwambia mwenzangu apunguze mwanga."

Mwenzake alikuwa mbele, mnene, mpole wa sura, ameshika randa ya seremala, akilainisha kila kilichochongoka kabla mgeni hajakifikia. Huyo aliitwa Mazoea. Alipopita, miamba iligeuka vumbi na miiba ikawa manyoya. Mzee Mbonea akatembea akijisikia kubebwa, na kwa muda mrefu hakuona haja ya kuuliza kitu.

Mbali kidogo, kwenye mteremko, walitokea watu wengi waliovaa nguo za rangi, wakiimba na kumpungia mikono. Alikunja uso akijaribu kuwatambua. Papo hapo Mazoea alivuta ukungu kama mtu anayevuta pazia, na watu wakatoweka pamoja na wimbo wao.

"Wale walikuwa nani?" aliuliza mzee.

"Sijui," alijibu Mazoea. "Uliwakunjia uso, nikawaondoa."

"Nilikuwa nawatazama tu."

Utambuzi aliinamisha kichwa chenye macho mengi. "Tusamehe, mzee. Sisi tunaona uso ukikunjamana. Kilichoukunja hatukioni, na usiposema, huyu mwenzangu hukisia, kisha huendelea na alichokisia."

Tangu hapo mzee aliangalia vizuri zaidi, akaona kwamba nchi ilikuwa inapungua. Shamba ambalo hakulitupia jicho lilikunjwa kama mkeka na kuondolewa. Njia panda ambayo hakuifuata ilijifuta. Njia iliyobaki ilipungua hadi ikalingana na upana wa mabega yake, na mwisho wake palikuwa na chumba kimoja, mlango wazi, na ndani ya chumba, akiwa amevaa sweta lake la kijani, alikaa Eliapenda.

Mzee Mbonea aliingia, akapiga magoti karibu na kiti chake, akamweleza yote. "Namsifu amekuja leo na mtoto. Nilikataa kumpakata."

"Ulifanya vyema," alisema Eliapenda.

"Tangu tukuzike sijaenda kanisani, wala kwa dada yangu Nakunda."

"Kaa tu, mume wangu. Hapa panakutosha."

Mzee aliinua macho, akamtazama kwa makini. Miaka yote ya ndoa yao, mwanamke huyu hakuwahi kukubaliana naye kwa neno la kwanza. Walibishana juu ya chumvi, juu ya ada, juu ya upande wa kupanda migomba. Na siku ile alipokataa kwenda kumzika jirani waliyegombana naye, Eliapenda alimrushia koti lake kifuani na kusimama mlangoni hadi akalivaa.

"Wewe si mke wangu," alisema taratibu.

Ile sura ilimtoka yule mwanamke bila vita, kama maji yanayokauka juu ya jiwe, na chini yake palikuwa na mtu mwingine, mzee, mwenye macho yaliyovimba. "Mimi ni Huzuni," alisema. "Ulipofika hapa hukutaka mwingine, wakanivika sura yake. Sikuja kukudhulumu. Nitakaa nawe maisha yako yote ukitaka, na nina haki ya kukaa. Lakini usinipe nyumba nzima, maana wenye nyumba wengine wako nje."

Mzee alitoka na kumshika Utambuzi mkono. "Nionyeshe njia ya kutokea."

"Sina," alijibu Utambuzi, na kwa mara ya kwanza macho yake yalilengwalengwa na machozi. "Najua kila ulipokanyaga. Pale usipokanyaga mimi ni kipofu. Hiyo njia utaifungua wewe, nami nitakufuata nijifunze."

"Utaumia," alionya Mazoea akiinua randa yake.

Mzee Mbonea aliuacha ule ujia laini, akapiga hatua ya pembeni. Mguu wake ulijikwaa kwenye jiwe, jiwe gumu la kweli, na maumivu yakampanda hadi nyongani. Akaamka.

Mapazia yalikuwa yamefungwa na feni ikizunguka polepole, kama alivyopenda. Alikaa akitafakari, hata akaona kwamba nyumba haikuwa na kosa. Ilikuwa imerudia kwa uaminifu kile alichoionyesha, na yeye alidhani kurudiwa ndiko kueleweka. Akainuka. Hakuzima kitu. Alifungua mlango, akauzuia kwa kiti usijifunge, akatoka kwenye joto la jioni.

Alikwenda moja kwa moja kwa Nakunda. Namsifu alimsalimia, akampisha mkekani. Mzee alinyoosha mikono, safari hii bila kusema lolote juu ya kifua chake, na binti akamwekea mtoto mapajani. Mtoto aliutazama ule uso mgeni wenye ndevu, akakunja mdomo, akaangua kilio, akijipindapinda na kusukuma kwa miguu yote miwili.

"Nipe nimbembeleze, Baba," alisema Namsifu.

"Mwache alie," alisema Mzee Mbonea, akimshikilia vizuri zaidi. "Bado hanijui."